Ukurasa wa Tisini na Saba

Miaka minne nilikuwa karani wa mizani
kwenye chama cha msingi, Kibosho.
Mbele ya stakabadhi niliandika kilo za kahawa,
nyuma yake nikamwandika Mkunde.

Niliwaandikia wachapishaji watatu, Dar es Salaam.
Wa kwanza akajibu: riwaya haina soko,
je, unacho kitabu cha kiada, sayansi, darasa la nne?
Wa pili alirudisha muswada bila neno,
ila ukurasa wa juu ulikuwa na duara la kikombe cha chai.
Nililitazama duara lile wiki nzima.
Maana yake kuna mtu alikaa nao.
Wa tatu namsubiri hadi leo.

Basi nikaenda kukopa kikoba, Pasua.
Mama Ndeshi, mweka hazina, akauliza: mradi gani?
Nikasema nguruwe.
Laki tisa za nguruwe zikapanda basi
hadi Unga Limited, Arusha,
kwa Eliamringi mwenye mashine inayokohoa,
zikarudi Moshi nakala mia tatu,
zimefungwa kamba ya katani, zinanukia wino.

Niliuza kwa mkono.
Kiborloni, kati ya marundo ya makoti ya mitumba.
Saluni. Nje ya kanisa, mchungaji akigeuka.
Shirima wa Mtaa wa Rindi alipokea kumi,
akazipanga nyuma ya rula.
Wiki tatu: nakala kumi na moja.
Nne walinunua dada zangu.

Jioni moja ya masika, hodi.
Mama mchoma ndizi, aproni bado kiunoni,
kitabu amekifunga kwenye mfuko wa sukari kisilowe.
"Ni wewe?"
Ndimi.
"Ukurasa wa tisini na sita Mkunde anasukuma mlango wa ghala.
Unaofuata ni mia na kumi na tatu, na amevaa nguo nyeusi.
Nani amekufa?"

Nikavuta nakala chini ya kitanda.
Nyingine. Nyingine.
Kurasa kumi na sita hazimo popote.
Eliamringi, Eliamringi!
Nikakaa sakafuni nikalia.
Yeye hakukaa.
"Utalia baadaye. Nani amekufa?"

Nikamsimulia, maharage yakiungua jikoni.
Alipoaga aliniambia nina roho mbaya,
marehemu hakustahili.

Kesho yake wakaja wawili.
Jumamosi, fundi baiskeli, mwalimu wa Majengo,
na kijana ambaye hata hakununua,
aliazima tu, na usingizi umemkataa.
Nikarudufu kurasa zile kwa Shirima,
naye akakitoa kitabu nyuma ya rula
akakiweka dirishani.
Mji ulishasikia kuna kitabu chenye shimo,
na kila mtu alitaka kuchungulia.

Desemba, ndugu waliporudi kutoka kila pembe kula Krismasi,
hapakuwa na nakala ya kuwauzia.
Nikalipa kikoba.
Mama Ndeshi: nguruwe wanaendeleaje?
Nikamwambia wamezaa.

Sasa yule wa duara la chai amepiga simu.
Anataka toleo kamili.
Mkataba nimeusoma mara tatu, kwa jicho la mizani,
nikakuta kilo mbili zimepungua, nikamrudishia.
Vijana huniuliza siri ya kufanikiwa.
Nawaambia nendeni kwa Eliamringi,
wanadhani natania.

Mama wa ndizi toleo jipya halitaki.
Kurasa zake kumi na sita amezishonea mwenyewe
kwa uzi mwekundu wa gunia.
Kitabu chake hakifumbi tena sawasawa,
kiko mezani kwake, kando ya jiko,
mdomo wazi.