Kifungu cha Saba

Mkataba ulikuja na basi la Hombolo,
kurasa nne ndani ya bahasha ya kaki,
kutoka kwa Lyatuu wa studio ya Nkuhungu
anayetaka muziki wa filamu yake ya zabibu:
dakika kumi na mbili za ilimba,
"ziwe na jua ndani yake," alisema kwenye simu,
"ila zisivuke Ijumaa."

Nusu ya malipo nilishapewa. Nilishaila:
bati sita, ada ya Chedego, deni la dukani.
Basi nikasoma kama mtu anayesoma bei
ya kitu alichokwisha kukitafuna.

*Mtunzi anatoa haki zote.* Sawa.
*Milele.* Nikameza mate.
*Duniani kote.* Mimi, ambaye mwisho wangu ni Singida.
*Kwa vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa.*
Nikacheka peke yangu, kuku wakashtuka.
Ilimba hii niliiunda kwa spoku
za baiskeli ya marehemu baba.

Kifungu cha saba ndicho kilichonikwamisha:
*Mtunzi anathibitisha kuwa kila sauti iliyomo
ni mali yake, wala haina mwenyewe mwingine.*

Nikairudisha rekodi sikioni.
Dakika ya tatu, nyuma ya ilimba,
cha-cha-chwa, cha-cha-chwa:
Mchiwa anapepeta uwele uani.
Siku ile sikumwambia anyamaze.
Mimi ndiye niliyeufuata ungo;
nilipopotea, ulinisubiri.

Nikampigia Lyatuu.
"Mzee, huo si uwele tu?"
Mchiwa akaichukua simu mkononi mwangu:
"Kama ni uwele tu, utoe."

Kimya. Upande wa pili kiti kikalia.

Ijumaa tukapanda basi wote wawili.
Lyatuu akaongeza mstari kwa kalamu:
*Ungo: Mchiwa Lemanya. Asilimia ishirini.*
Akaomba iwe kumi na tano.
Mchiwa akatazama trei za mayai
zilizobandikwa ukutani kuzuia mwangwi,
akauliza kama mayai yenyewe yalilipiwa.
Ikabaki ishirini.

Nusu ya pili, nasikia, iko benki.
Milele nayo ipo palepale, kifungu cha tatu,
haikupunguzwa hata siku moja.

Jioni akianza kupepeta namuuliza
kama ana kibali cha maandishi
cha kuitumia sauti hiyo.
Hanijibu. Anageuka kidogo, anautega ungo kwa upepo,
makapi yote yananijia mimi.