Zamu ya Mkesha wa Mtakatifu Yohane

Siku tatu kabla ya sikukuu,
katika mji ambao sijawahi kuufikia,
mtu aliingia kituo cha treni na mkoba mgongoni
na watu kumi na wanane hawakutoka.
Ni mipaka miwili kutoka hapa. Porto
wauza sadini walikuwa wanachochea makaa tu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Sisi hatukuumwa.
Nyoka kamuuma mwingine, ng'ambo ya milima,
lakini tangu Jumanne kila ung'ongo wa mji huu unatambaa.

Niko mezani, simu masikioni.
Begi limeachwa chini ya vigae vya buluu vya stesheni:
ndani, viatu vya mpira vyenye tope, na ganda la chungwa.
Gari jeupe limeegeshwa vibaya karibu na soko la Bolhão:
la padri.
Kijana kavaa koti zito na jua lote hili.
Alikuwa na homa, maskini,
na polisi wanne walimlaza kifudifudi juu ya mawe
kabla yeyote hajamgusa paji la uso.
Simu hiyo niliipokea mimi.
Niliyeandika "koti zito" ni mimi.
Maneno mawili.

Chini gerejini Custodio anahesabu.
Mikanda ya kuzuia damu, arubaini.
Machela ya ziada, kumi na mawili.
Kalamu za wino usiofutika,
za kuandika saa kwenye ngozi ya mtu.
Kadi za kijani, za njano, nyekundu,
na nyeusi, ambazo kazifunika kwa gazeti
ili tule mkate kwa amani.
"Mwenzetu kanyolewa," namwambia.
"Maji nimetia," anasema, "ila ndoo ni ndogo."
Juu, kwenye televisheni, mkuu wetu anawaambia waandishi
kwamba tuko tayari asilimia mia.
Magari ni tisa. Moja huwaka kwa kusukumwa.

Saa nne usiku akapiga bibi mmoja, Zulmira,
ghorofa ya tano, dirisha linatazama mto.
"Umeona nini, mama?"
"Sijaona kitu," akasema. "Ndiyo maana napiga.
Watu wamejaa ukingoni, wananunua mirehani,
wanapigana vichwani kwa nyundo za plastiki, wanacheka,
na mimi nimekaa nawahesabu."
Kanuni inasema sekunde tisini kwa simu isiyo na dharura.
Nikamuuliza amefika wangapi.
"Mia mbili na sita. Wamesogea. Naanza tena."
Tukahesabu pamoja mpaka thelathini.

Kisha usiku wa manane, fataki ya kwanza.
Ilitangazwa. Ilibandikwa kwenye kila nguzo.
Ukumbi mzima wa simu ukanyamaza,
mikono yetu hewani juu ya vitufe,
moja, mbili, tatu,
halafu taa zote za mezani zikawaka kwa mkupuo.
Ni fataki, bwana. Ni fataki, dada.
Ndiyo, nina hakika.
(Nilimtuma Deolinda dirishani athibitishe.)

Alfajiri Custodio alihesabu upya: arubaini.
Hakusema "asante Mungu". Alifunga sanduku,
akaliacha pale pale karibu na mlango.

Nikatembea kwenda nyumbani, bado nimevaa sare.
Mtaa unanuka moshi wa samaki na bia iliyomwagika.
Nyuma yangu kitu kikanigonga utosini
na mwili wangu, ambao hufundisha wengine kutulia,
ukajitupa chini, viganja masikioni,
goti likachanika kwenye jiwe.

Alikuwa mtoto wa miaka sita hivi, hajalala,
babake anakimbilia, mwekundu kwa aibu.
Mtoto alinitazama muda mrefu.
Akaigeuza nyundo, akanipa mpini:
zamu yangu.
Nilimgonga taratibu, katikati ya nywele.
Ikalia kama kifaranga.