Kipimo cha Shogik

Aprili saba, Gyumri. Theluji bado imeng'ang'ania paa.
Dada zangu wameleta maua ya dukani
na keki iliyoandikwa jina lako.
Mimi nimeleta mizani.

Umecheka: "Vahram, wataka kuniuza kwa kilo?"

Chota unga, mama. Usimimine bado.
Nimeudaka ukufi wako hewani:
gramu hamsini na tatu.
Chumvi, ncha za vidole vitatu: nne.
Mtindi umekataa kupimwa.
"Mpaka unga wenyewe useme basi,"
nami nimeandika hivyo hivyo.

Ukufi wa pili, arobaini na nane.
Kile kidole kilichobanwa na mashine ya soksi,
mwaka ule baba alipokuwa hana kazi,
huvujisha kidogo upande wa kushoto.
Nacho nimekiandika.

Kibaba kipo, watu hupimia nafaka.
Kimama sijakiona.
Basi kianze humu, daftarini, ukurasa wa kwanza,
kwa penseli,
maana mkono wako ungali unabadilika.

Dada wanaita sebuleni, mishumaa inayeyuka.
"Wangoje," umesema,
umevuta mizani upande wako.
"Hujapima sukari."