Somoe Anaonja Udongo

Mwaka lilipofungwa tuta pale Mingoyo
bahari ilibaki nje, inagonga,
na ndani ikabaki harufu ya yai viza,
visiki vya mikoko,
kaa wakichungulia mashimo yasiyojaa tena.
Tukagawana. Somoe Nampyali akapata pembe ya chini,
ile ambayo hakuna aliyeitaka.
Akachota udongo kwa kidole, akaulamba,
akatema.
"Bado," akasema.

Masika ya kwanza ukoko mweupe uliyeyuka;
kiangazi ukarudi, kama deni.
Halafu, bila kupandwa na mtu,
mboga pwani: vijani vinene, shina jekundu,
vikitambaa juu ya chumvi kana kwamba vimealikwa.
Tulizichuma, tukazichemsha mara mbili,
tukalia ugali wa muhogo,
na kopo la chumvi halikufunguliwa.

Mwaka wa tatu udongo ulionja hewa, ukachachuka.
Mfereji ulipitisha maji ya rangi ya kutu,
miche ya mpunga ikaungua ncha, kisha kiini.
Bwana shamba alikuja na vikaratasi vyake,
akavichovya, vikageuka rangi, akanyamaza.
Somoe akalamba.
"Hii si chumvi. Hii ni hasira."
Akamwaga majivu ya makuti,
maganda ya chaza aliyoyaponda mwenyewe kinuni,
debe baada ya debe,
akauacha mto Lukuledi uingie, uoshe, utoke.

Zikaja ndago.
Maisha yetu yote tumezilaani ndago;
siku ile alizipigia magoti,
akazipapasa kama nywele za mtoto aliyepona surua.

Sasa ni mwaka wa saba. Majaruba yake manne yamekubali.
Ardhi imeshuka shubiri nzima:
mizizi ya zamani inaoza chini, polepole,
nasi tunalima juu ya dari ya nyumba
ambayo nguzo zake tulizikata wenyewe.

Na pale tuta linapovuja, kwenye jaruba la tano,
umesimama mchu mmoja, urefu wa kiganja,
chembe za chumvi zikimeta juu ya majani.
Mwanawe Mfaume akasema,
"Ung'oe, mama, kabla haujaita wenzake."

Somoe akainama, akalamba jani.
Hakutema.
Akarudi kwenye palizi yake, akiuzunguka mche
kwa upana wa jembe moja,
na kesho yake
kwa upana wa majembe mawili.