Boksi Chini ya Gari

Fundi Lufungulo wa Mabatini alilala chali
chini ya Korola yangu, viatu tu vikabaki nje,
akasema kwa sauti ya mtu aliye ndani ya mtungi:
"Mwalimu, hili halivuji. Linatoka jasho."

Jasho na kuvuja vinaachana wapi?
Akatoka, akafuta mikono
kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono.
"Jasho hubaki mwilini. Likidondoka, njoo."

Basi nikapasua boksi la biskuti,
nikalilaza chini ya injini,
na kila alfajiri, kabla ya uji, nachuchumaa
kulisoma kama daftari la mtoto mvivu.
Jumatatu: doa moja, la kusamehewa.
Jumatano: matatu, moja limekaa kama ziwa lenye kisiwa.
Ijumaa sikuhesabu.

Navuta kijiti, nafuta, nachovya, navuta tena:
oili iko kati ya alama mbili,
pale ambapo mtu hawezi kusema amepona
wala kuomba ruhusa kazini.

Hesabu ndiyo kazi yangu.
Sili yenyewe elfu kumi na tano,
lakini imejificha nyuma, lazima giaboksi ishuke,
na kuishusha ni laki mbili na ushee.
Lita ya kuongezea kila mwezi, elfu kumi na mbili:
ningeongeza mwaka na nusu
kabla sijaifikia bei ya fundi.
"Umeshajibu," anasema Nkwabi, mume wangu. "Funga boneti."

Jana usiku mvua ilitoka ziwani na ngurumo zake,
ikayapiga majabali mpaka yakang'aa kama migongo ya viboko.
Asubuhi boksi halikuwepo.
Nililikuta mtaroni, limelowa, limekwama kwenye jiwe,
na kutoka kwake utepe wa rangi zote,
mwembamba, mzuri, Mungu anisamehe, mzuri mno,
ukiteremka kuelekea Mirongo.
Na Mirongo inakokwenda
hata darasa la pili wanajua.

Niliporudi, Nkwabi alikuwa bombani, anajaza birika.

Nikampigia Lufungulo: "Ulisema likidondoka, nije."
"Yamefika matone mangapi?"
"Sijui. Yameshaondoka."
Akanyamaza. Nyuma yake nyundo ililia mara mbili.
"Lete Jumamosi. Ila ile pesa, mwalimu,
usinipe yote kwa mkupuo.
Na mimi mfukoni
navuja."