Farasi wa Kuazima

Baba alirudi studio na kofia ileile,
ile pana ya ngozi ambayo kwa miaka kumi na tisa
mama aliwekea vibanio vya nguo.
Ukingoni bado ina mkunjo wa kamba.

Studio yenyewe ni chumba kimoja Mikindani,
juu ya kinu cha posho. Ukutani wamegandisha trei za mayai
kuzuia kelele, nazo hazizuii kitu:
kinu kikiamka huko chini
maji yanatetemeka kwenye glasi.
"Tungoje kidogo, mzee," anasema Ridhwani, fundi mitambo,
kijana ambaye kanda ya kwanza ya baba ilitoka
naye hajazaliwa.
Tunangoja. Baba anakaza waya wa gita, analegeza, anakaza.

Kanda ile ya kwanza.
Ilijaa farasi.
Farasi anaondoka, farasi anarudi, farasi kafiwa na bwana wake,
na baba, Mwandoe wa Mwatate, karani wa bandarini,
hajawahi kukalia hata punda.
Mnyama pekee aliyempanda ni ngamia wa ufukweni Bamburi,
shilingi hamsini mzunguko mmoja,
akashuka akitapika.
Lakini Changamwe walimpenda! Jumamosi usiku
madereva wa malori na wapakuzi, mijibaba mizima,
walilia machozi juu ya chupa zao
kwa ajili ya mbuga ambayo hakuna aliyeiona.
Mama alikuwa akikunja lile shati la matamvua,
polepole, tamvua kwa tamvua,
"Nguo ya kuazima, Mwandoe."
Methali hakuimalizia. Ya nini?

Kisha sauti ikaondoka.
Haikukatika kama uzi. Ilihama
kama mpangaji mwenye malimbikizo ya kodi,
usiku, na vyombo vyake vyote.
Daktari wa Makadara alisema ni koo.
Bendi ilisema ni pombe.
Mama alisema, "Basi pumzika," akachukua kofia.

Mama yuko Wundanyi tangu mwaka jana,
na baba ana nyimbo nane.
Farasi hata mmoja.
Kuna winchi, na Mwasaru aliyesimama chini yake
siku ambayo haikuwa zamu yake.
Kuna feri ya Likoni imezimika katikati ya maji,
na mwanamke wa maandazi anayeanza kugawa bure
kwa sababu, anasema, yakipoa ni hasara vilevile.
Kuna stakabadhi ya hospitali
ambayo baba anaiimba yote, mstari kwa mstari,
kitanda, glavu, oksijeni, faili,
mpaka jumla kuu. Nilitoka nje wimbo ule.

"Mzee, hapa imepasuka," Ridhwani akasema,
kidole juu ya kioo, kwenye ule mlima wa sauti.
"Naweza kuinyosha. Dakika mbili."
Baba akavua kofia, akatazama ndani yake
kama mtu anayetafuta kibanio kilichobaki.
"Ukiinyosha," akauliza, "itakuwa ya nani?"
Ridhwani akaondoa kidole.

Wimbo wa saba ni wa mama. Jina lake limo,
Wakesho, mara moja tu, karibu na mwisho.
Alipofika hapo, kinu kikaamka.
Tukangoja. Saa ikapita. Nikashuka kuuliza.
Mahindi ya matanga, wakaniambia, magunia matatu,
kuna msiba nyuma ya msikiti, watu wengi wanatarajiwa.
Nikapanda ngazi nikamweleza.
Hakusema kitu. Akampa Ridhwani ishara,
akafumba macho, akaanza,
na mara hii hakungoja.

Kwa hiyo mkiisikia albamu,
na chini ya ule wimbo mkasikia ngurumo
isiyofuata mdundo,
msiniulize ni ngoma ya kabila gani.
Ni unga wa watu.