Konzi

Wanasema haba na haba hujaza kibaba.
Hawasemi kibaba kikiwa na tundu.

Basi miye, kabla sijauosha mchele,
narudisha konzi moja koponi,
kopo kubwa la maziwa ya unga, tangu Mize yuko mchanga,
na nyuma ya mlango wa jiko napiga mstari wa mkaa.
Konzi moja haionekani kwenye sufuria.
Ndivyo nilivyojiambia.

Mengine huyaona kila mtu.
Samaki nawafuata dikoni baada ya laasiri,
mchuuzi keshachoka kuwapungia nzi
na fungu la elfu tano linasikia neno.
Chai nachemsha mara moja, chupa inailinda mpaka magharibi.
Maharage nayaivisha kwa makumbi, mkaa nauwekea wageni.
Tui la tatu, jepesi, karibu na maji ya kunawia,
nalo lina mchuzi wake:
mbirimbi nne, dagaa wa kukaanga, basi.
Friji naizima usiku. Shaame huamka akaiwasha.
Mimi huamka nikaizima.
Mita ya Tukuza inasikiliza ugomvi wetu
na kijitaa chake chekundu, inahesabu.

Sketi ya skuli ya Mize ina mistari mitatu chini,
alama za pindo nilizofumua, kila mwaka mmoja.
Mwalimu kamuuliza kama ni mshono mpya wa Unguja.
Akajibu ndiyo.

Mkwe wangu, Bi Raya, aliniita bahili
mbele ya watu waliokuja kumpa pole ya mguu.
"Kwetu Kangagani tulikula tukasaza."
Sikumjibu. Nilikuwa nabana vipande vya sabuni
viwe mche mmoja.

Masika, gati la Wete halikuwa na mzigo.
Siku nne Shaame alirudi na mikono mitupu,
na daftari la Mbarouk dukani limeshajaa jina letu.
Kukopa ni harusi; matanga yake sikutaka kuyaona.
Nikalishusha kopo.
Mistari ukutani: arubaini na moja.
Nikapima. Pishi, na kibaba juu yake, na kibaba tena.
Nikamwaga, nikapima upya.
Mchele hauzai koponi.

Siku ya pili nikachelewa uani kwa makusudi.
Akaja Bi Raya na mguu wake mbovu, akishika ukuta,
akatia mkono guniani, konzi moja,
akaidondosha koponi taratibu isilie,
akatazama nyuma mfano wa mwizi.
Hakupiga mstari. Yeye huhesabu kwa tasbihi.

Gunia lile lile. Sufuria ile ile.
Hapo nikamkumbuka Khatibu, mwezi mzima akiuliza
kwa nini wali siku hizi unakwisha yeye bado,
na mimi nikimjibu kwamba anakua.
Kumbe tulikuwa tukidunduliza wawili
kutoka tumbo moja.

Sikumfedhehesha. Niliingia, nikauliza,
"Leo zamu yako, Bi Raya, au yangu?"
Akaketi juu ya mbuzi ya nazi,
akacheka mpaka akalishika goti.
Mamake ndiye aliyemfunza, akasema,
na mamake alijificha mkwewe maisha yake yote.
"Lakini bahili mmoja nyumba moja anatosha."

Sasa tunapokezana.
Mistari ya mkaa ni yangu. Ya chokaa ni yake,
anaichora kwa kidole kilichotoka kwenye tambuu,
minene, imepinda, mingine imeanguka juu ya yangu.

Jana ilikuwa zamu yake. Akasahau.
Khatibu akala, akaongeza, akakomba ukoko,
akanyamaza na kijiko mkononi.
Akatutazama, mmoja, kisha mwengine.
"Kwani leo," akauliza, "anakuja nani?"